Sanduku la mimea kwa chura au mjusi wa kufuga: mnyama aje mwisho

Maswali yananijia yale yale. Udongo wa bustani unafaa? Chura na mjusi wanaweza kukaa pamoja? Nimenunua sanduku jana na chura namchukua leo jioni, niwashe taa gani? Hili la mwisho ndilo lililonikalisha chini niandike, maana aliyeuliza alikuwa na chura tayari ndani ya kopo la plastiki mezani, na sanduku lenyewe bado lina stika ya dukani.

Maswali hayo karibu yote yana jibu moja: mnyama aje mwisho. Sanduku likae sawa, udongo uingie, mimea ishike, vidudu vya kusafisha vizaliane, joto na unyevu vipimwe mchana na usiku, wiki sita zipite, ndipo umlete. Ukigeuza mpangilio huo, utakuwa unajenga nyumba huku mpangaji yumo ndani, tena mpangaji mwenyewe anapumua kwa ngozi.

Naandika nikiwa Birmingham, lakini nimekulia Tanga, ambako mjusi hupigwa kandambili bila kuulizwa kosa lake. Mama aliposikia nimetoa pesa kununua mjusi, alinyamaza kidogo kwenye simu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, huko hawaingii wenyewe?"

Hawaingii, mama. Baridi.

Kwanza, mnyama yupi?

Sanduku moja, aina moja. Najua umeona picha za kupendeza zenye chura wa manjano na mjusi juu ya tawi moja. Picha huchukua sekunde moja, wanyama wanaishi humo miaka. Mjusi humla chura anayetosha mdomoni, ngozi ya chura hutoa ute unaoweza kumdhuru mjusi, na kila mmoja hubeba vijidudu ambavyo mwenzake hajavizoea.

Mwongozo huu nimeujenga juu ya wanyama wawili ninaowafuga mwenyewe. Wa kwanza ni chura Dendrobates leucomelas, mweusi mwenye mikanda ya manjano, asili yake Venezuela na nchi jirani, urefu sentimita 3 hadi 4. Porini ana sumu. Aliyezaliwa kwa wafugaji hana, kwa sababu sumu hiyo huipata kwa wadudu anaokula msituni, na nzi wa matunda hawampi. Wa pili ni mjusi wa New Caledonia, Correlophus ciliatus, ambaye wafugaji wa huku humwita kresti kwa sababu ya kishungi chake. Watu walidhani ametoweka duniani hadi alipoonekana tena mwaka 1994. Leo yumo karibu kila duka la wanyama.

Hawa wawili hupenda joto linalofanana, nyuzi 22 hadi 26 za Selsiasi, na hapo ndipo watu huingia mtegoni wakasema basi wakae pamoja. Tazama unyevu. Chura anataka asilimia 80 na zaidi muda wote. Kresti anataka kunyunyiziwa jioni, kisha mchana pakauke hadi asilimia 50 au 60, la sivyo ngozi na mapafu humsumbua. Isitoshe, chura hutembea mchana na kresti usiku.

Kinyonga usianze naye, nakusihi. Anahitaji hewa nyingi na jicho lililozoea, na akiugua huficha hadi siku za mwisho.

Tena nunua aliyezaliwa kwa mfugaji, usinunue aliyetolewa porini. Muulize muuzaji wazi, na omba kuona wazazi au kumbukumbu za kuanguliwa. Sisi wa Tanzania tunayo sababu ya ziada. Yupo mjusi mdogo wa buluu, Lygodactylus williamsi, ambaye kwao ni msitu wa Kimboza, Morogoro, na huishi juu ya mikadi. Wakamataji waliofuata soko la Ulaya walikuwa wakikata mikadi yenyewe ili kumfikia. Tangu 2017 yumo katika Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, yaani biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imepigwa marufuku. Ukimwona anauzwa bila karatasi, ondoka. Na wewe unayesoma ukiwa Muheza au Kakamega, usimtoe chura au kinyonga porini ukamtia kwenye kioo. Kumfuga mnyamapori kunataka kibali cha serikali.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Sanduku la kioo lenye milango mbele na wavu juu. Vyura wawili au watatu: 60 × 45 × 45, kwa sentimita. Kresti mmoja: 45 × 45 na kimo 60, au zaidi, kwa kuwa yeye hupanda.
- Kokoto nyepesi za udongo wa kuchoma, kama lita 14.
- Wavu laini wa plastiki, ule wa kuzuia mbu dirishani.
- Vumbi la makumbi ya nazi, magome ya kupandia okidi, mkaa, na kuvumwani kavu aina ya sfagnamu.
- Magogo au magome, na mimea 6 hadi 10.
- Majani makavu, mfuko mzima.
- Kolembola na isopodi (nitawaeleza).
- Taa ya LED ya mimea, taa ndogo ya UVB (mionzi iliyomo pia kwenye mwanga wa jua), na saa ya umeme ya kuziwasha na kuzizima.
- Vipimajoto viwili, kipimaunyevu kimoja, na kidhibiti joto kama utatumia chochote kinachopasha.
- Dawa ya kuondoa klorini, ile ya wafuga samaki.
- Jiki isiyo na manukato, ndoo, chupa ya kupulizia, mpira mwembamba wa kunyonyea maji.

Kuhusu mkaa: ni mkaa wa kawaida wa miti. Usitumie ule wa kubumbwa wa kuchomea nyama, kwa kuwa una gundi na mara nyingine dawa ya kuwashia.

Hatua kwa hatua

1. Weka sanduku mahali pake pa kudumu, kisha lijaribu kwa maji. Likishajaa hulibebi tena. Liwe mbali na dirisha linalopigwa na jua. Kioo kwenye jua ni jiko, na chura hupikwa kwa muda mfupi kuliko unavyotumia kwenda dukani kununua mkate. Lioshe kwa maji ya moto bila sabuni, tandika magazeti chini, mimina maji sentimita 6, uache siku nzima. Gazeti likilowa, limevuja. Afadhali ujue leo.

2. Ukuta wa nyuma, ukiutaka. Si lazima. Ukiutengeneza kwa povu la ujenzi na silikoni, silikoni iwe ya akwariamu, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo ndiyo inayoua. Ipe siku 7 au zaidi. Ingiza kichwa ndani ya sanduku unuse: ukisikia harufu ya siki, bado. Ziba kila mwanya nyuma ya ukuta. Chura ataingia penye nafasi ya upana wa penseli na hatajua njia ya kurudi.

3. Tabaka la maji. Osha kokoto za udongo hadi maji yawe meupe, uzitandaze sentimita 5. Kwenye kona moja simamisha kipande cha bomba la plastiki kifike chini kabisa, juu ukizibe kwa kipande cha wavu. Maji yote unayopulizia yataishia humu, na kupitia bomba hilo utayanyonya kwa mpira. Watu huruka hatua hii kwa kuona ni mapambo. Bila hiyo, mwezi wa tatu udongo unanuka mayai viza.

4. Wavu. Kata upana unaozidi kidogo, ukunje kingo zipande ukutani. Kazi yake ni kuzuia udongo usishuke kwenye maji.

5. Udongo. Hapana, wa bustani haufai. Una mbolea, una dawa za kuua wadudu, na hushikana kama tope. Changanya vumbi la makumbi sehemu 3, magome ya okidi sehemu 2, mkaa uliovunjwa vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi sehemu 1, na kuvumwani iliyokatwakatwa sehemu 1. Kwa sanduku la 60 kwa 45, kina cha sentimita 7 kinahitaji karibu lita 19.

Makumbi huuzwa yamekandamizwa kama tofali. Tofali la gramu 650 likilowekwa huvimba hadi lita 8 au 9, kwa hiyo usinunue matofali kwa kukadiria kwa macho kama nilivyofanya mimi, nikabaki na beseni tatu za vumbi la nazi jikoni. Mtu wa Pwani anayenunua makumbi kwa pauni anastahili alichokipata.

Kipimo cha unyevu ni mkono wako. Chota konzi, ukamue. Yakidondoka matone mawili matatu, uko sawa. Yakitiririka, tandaza mchanganyiko kwenye gazeti upungue maji. Ukifungua kiganja konzi ikasambaratika, ongeza. Tandaza bila kushindilia, nyuma juu zaidi kuliko mbele.

6. Magogo na mawe. Jiwe zito hukaa juu ya kokoto au juu ya kioo, udongo ukaja pembeni yake. Usiliweke juu ya udongo. Mimi niliweka jiwe la kilo mbili juu ya udongo laini, nikalitazama nikapendezwa. Usiku nikasikia kishindo: maji yalikuwa yameteremsha udongo upande mmoja na jiwe likabingirika hadi kwenye kioo cha mbele. Sanduku lilikuwa bado halina mtu. Angekuwemo chura chini yake, nisingekuwa naandika haya kwa utani.

Mbao za msonobari na mierezi zina utomvu wenye mvuke mkali, ziache. Gome la ule mti unaotengenezewa vizibo vya chupa ndilo bora, haliozi haraka na ni jepesi. Kresti apewe matawi ya kulala na ya kusimama, mengine manene kumshinda. Chura apewe mashimo mawili ya kujificha sakafuni, au zaidi. Nusu ya ganda la nazi lililotobolewa mlango linatosha kabisa.

7. Mimea. Hapa ndipo sumu nyingi huingilia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Mmea wa dukani huja na mbolea ya chembe za duara zenye rangi, vipande vyeupe vya perlaiti, dawa ya wadudu majanini, na mayai ya konokono. Utoe kwenye chungu. Kung'uta udongo wote, kisha shikilia shina chini ya bomba huku ukipitisha vidole kati ya mizizi hadi ibaki mitupu. Zile chembe za mbolea hujificha kwenye fundo la mizizi, karibu na shina. Ukiona kitu cha duara kinachopasuka ukikiminya, umezipata, na usiache hata moja. Chura huziona zinang'aa akadhani ni mdudu.

Sasa changanya jiki sehemu 1 kwa maji sehemu 20, uzamishe mmea mzima dakika 5. Kangaga na mimea laini dakika 2 zinatosha. Suuza mara tatu, mara ya mwisho kwa maji yenye dawa ya kuondoa klorini. Kisha, na hapa ndipo watu hukosa subira, uweke pembeni kwenye udongo safi wiki tatu au nne kabla ya kuupanda sandukuni. Dawa nyingine za wadudu huingia ndani ya mmea wenyewe, jiki haizigusi. Muda ndio unaozipunguza.

Mimea isiyokuangusha: Epipremnum, ule unaotambaa ambao kila sebule umewekwa kwenye chupa ya maji, kangaga wadogo, Ficus pumila ya kupanda ukutani, Peperomia, na bromeliadi, ndugu wa nanasi, ambazo hushika maji katikati ya majani na vyura huzipenda mno. Bromeliadi usizizike udongoni, zitaoza. Zifunge kwenye gogo. Kwa kresti ongeza mkonge pori wenye jani gumu, maana uzito wake huvunja majani laini.

Wengi huniuliza kuhusu ua la Usambara, kwa kuwa ni letu. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa wilaya wa Kijerumani huko Tanga, ndiye aliyetuma mbegu zake Ujerumani mwaka 1892, na kwa muda mrefu likaitwa Saintpaulia kwa jina lake. Mimi ni wa Tanga na nililipanda kwa kiburi. Likaoza. Majani yake yenye vinyweleo hayapendi kulowa kila siku. Kwenye sanduku la kresti, juu pembeni mbali na maji, huenda likaishi. Kwa vyura, lipe heshima yake dirishani.

8. Majani makavu na vidudu. Funika udongo wote kwa majani makavu, tabaka mbili tatu. Mwaloni unafaa. Bora zaidi ni mkungu, yaani ule ule mkungu wa uani kwetu ambao majani yake tulikuwa tukiyafagia kila asubuhi kabla ya shule. Huku yanauzwa kwa pakiti, majani kumi. Nimeyalipia. Sina la kujitetea. Ukiokota mwenyewe, okota mbali na barabara na mashamba yaliyopigwa dawa, uyamwagie maji yaliyochemka.

Kisha wamwage wafanyakazi. Kolembola ni vidudu vyeupe vidogo kama chembe ya chumvi, vinaruka ukivigusa, na kazi yao ni kula ukungu. Isopodi ni jamaa wa vile vidudu vya kijivu vya chini ya mawe. Chagua wale weupe wadogo, hula kinyesi na majani yanayooza. Ukiwa nao hutahitaji kubadilisha udongo kwa miaka. Wape mwezi mmoja wazaliane kabla ya mnyama kufika, la sivyo chura atawamaliza wote kwa kitafunio.

9. Taa, joto, maji. Taa za mimea ziwake saa 12 kwa siku, na saa ya umeme ikufanyie kazi hiyo. Taa ya UVB iwe hafifu, ipite juu ya wavu na kamwe isipite juu ya kioo, kwa sababu kioo huzuia UVB karibu yote. Acha pia vivuli vya kukimbilia. Hata ikiwa bado inawaka, ibadilishe baada ya mwaka mmoja, maana UVB hufifia kabla ya mwanga kufifia.

Nyumba yako ikikaa nyuzi 21 au zaidi, huenda usihitaji kupasha kabisa. Ukihitaji, mkeka wa joto ubandikwe ubavuni nje ya kioo, usiwekwe chini, na upitie kidhibiti joto. Pasipo kidhibiti, usiuchomeke. Waya zote zining'inie chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuiingia, ili tone la maji lidondokee sakafuni.

Watu wa Ulaya huogopa baridi tu, wakasahau joto. Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilipopita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza, chumba changu cha juu kilifika 33. Chura wa aina hii akipita 29 yuko hatarini, na kresti huanza kuteseka kwenye 28. Nilizima taa zote, nikaweka chupa za maji yaliyogandishwa juu ya wavu zikiwa zimefungwa taulo, feni ikapuliza juu yake, nikazibadilisha kila saa moja na nusu hadi usiku. Tangu hapo chupa nne hulala kwenye friza langu kuanzia Juni.

Maji: chura hanywi kwa mdomo, hunywa kwa ngozi, kwa hiyo chochote kilichomo kwenye maji kimo ndani yake. Kuacha maji ya bomba wazi usiku kucha huondoa klorini, lakini miji mingi hutumia kloramini na hiyo haiondoki hivyo. Tumia dawa, au maji yaliyochujwa kwa osmosisi. Chura apuliziwe asubuhi na jioni, kresti jioni tu.

Ukidhani kupulizia maji ni kazi ya mapambo, mkumbuke chura wa Kihansi, kwetu Tanzania. Aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi na si kwingine duniani. Bwawa la umeme lilipopunguza maji mwaka 2000, manyunyu yakakoma. Vyura 499 walipelekwa Marekani, wakatunzwa na kuzalishwa ndani ya masanduku yenye mimea na mashine za manyunyu, kimsingi ni hiki unachokijenga wewe. Ugonjwa wa ukungu wa ngozi ukawashambulia waliobaki bondeni, na mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini. Waliorudishwa Kihansi kuanzia 2012 ni wajukuu wa wale wa masandukuni.

10. Subiri wiki sita. Andika kila siku: joto la juu, joto la chini, unyevu, asubuhi na usiku. Ukiona siku 14 mfululizo namba hazitoki nje ya mipaka, uko tayari. Katika wiki hizi utaona ukungu, uyoga, majani yakinyauka. Acha. Huo ni ujirani unajipanga.

11. Karantini, halafu makaribisho. Mnyama mpya akae mwezi mmoja kwenye boksi tupu la plastiki lenye karatasi ya jikoni iliyolowa, pa kujificha, na chombo cha maji. Humo unaona kinyesi, unaona kama anakula, na unaweza kupeleka sampuli kwa daktari wa wanyama. Akiingia sandukuni na minyoo, minyoo imepata makazi ya kudumu.

Siku ya kumhamisha, zima taa, fungua kopo ndani ya sanduku, uondoke. Usimshike. Ikibidi kumshika chura, lowesha mikono kwa maji safi au vaa glovu zisizo na poda, zilizolowa.

12. Chakula. Vyura: nzi wa matunda wasioruka, kila siku au siku moja baada ya nyingine, wakiwa wamepakwa unga wa kalisi yenye vitamini D3. Kresti: unga maalumu wa matunda uliokorogwa na maji, mara tatu kwa wiki, na nyenje mara moja. Nyenje asizidi upana wa nafasi kati ya macho ya mjusi, na asiyeliwa usiku huo mtoe. Nyenje mwenye njaa humtafuna mjusi aliyelala.

13. Mikono na maji machafu. Osha mikono kwa sabuni kabla na baada. Mijusi na vyura hubeba salmonela bila kuugua, kwa hiyo watoto wa chini ya miaka 5 watazame kwa macho tu, na vyombo vya sandukuni visioshewe kwenye sinki la jikoni. Maji unayoyanyonya chini yatie jiki na uyaache kabla ya kuyamwaga chooni, usiyamwage bustanini. Ugonjwa ule ule wa Kihansi husafiri kwa maji. Na ukichoka kufuga, mtafutie mtu. Usimwachie nje.

Mambo yakienda kombo

*Ukungu mweupe kwenye gogo.* Kawaida kabisa wiki za kwanza. Ongeza kolembola. Ukidumu zaidi ya miezi miwili, hewa haitoshi.

*Harufu ya mayai viza.* Maji yamefika kwenye udongo. Nyonya kupitia bomba hadi yabaki sentimita 1, punguza kupulizia.

*Kioo kimejaa mvuke siku nzima.* Kwa vyura, asubuhi si neno. Ukidumu hadi jioni na umefunika wavu wa juu, funua sehemu ya wavu huo kwa upana wa vidole vitatu.

*Vijinzi vyeusi vinavyozunguka udongo.* Havidhuru, na vyura huvila. Kwa kresti, acha tabaka la juu likauke.

*Uyoga wa manjano.* Umetoka kwenye chungu cha dukani. Ng'oa ukikuudhi.

*Chura anakaa ndani ya chombo cha maji siku nzima.* Tazama kipimajoto kwanza, kipimaunyevu pili. Ama ni joto, ama ni ukavu.

*Mjusi ameachama mdomo.* Joto limezidi. Zima taa sasa hivi, pima baadaye.

*Kresti hali.* Wiki mbili za kwanza usihangaike, mradi uzito haushuki. Mpime kwa mizani ya jikoni iliyotengwa kwa kazi hiyo.

*Ngozi imebaki vidoleni baada ya kujichuna.* Mweke kwenye boksi lenye karatasi iliyolowa maji vuguvugu dakika 20, kisha itoe kwa kijiti cha pamba. Ukiiacha, hukaza kama uzi na kidole hufa.

*Kresti kadondosha mkia.* Hauoti tena, tofauti na mjusi wa ukutani kwetu. Weka pasafi, usitie dawa yoyote ya nyumbani. Atazoea.

*Chura haonekani.* Usibomoe sanduku. Kagua kwanza sakafu na nyuma ya kabati, tandika taulo lililolowa chini ukutani usiku huo, kwa kuwa aliyetoroka hutafuta unyevu. Asubuhi, taa zikiwaka, pulizia maji kwa wingi, weka nzi kidogo kwenye kipande cha ndizi mbele, ukae kimya mbali kidogo. Wa kwangu alipotea siku nne. Siku ya tano nikiwa namwagia bromeliadi ya juu kabisa maji, yakatoka macho mawili katikati ya majani, yakanitazama, yakazama tena.